Kikopo cha Fundi

Cherehani ya Fundi ilikuwa haimalizi mshono bila kusimama. Fundi anakanyaga, anakohoa, anashika kifua, anakanyaga tena. Wiki ya nne sasa. Suruali zote zinampwaya, yeye mshonaji!

Juu ya meza kulikuwa na kofia ndogo ya mjukuu wake mchanga. Alikuwa ameishona, lakini hajamvalisha.

"Simpakati mpaka nijue kifua hiki kina nini," alimwambia mkewe.

Mkewe akaenda zahanati, akapewa kikopo cha makohozi. Asubuhi akamsimamia mumewe.

"Piga mswaki kwanza. Weka dawa nyingi."

"Mama watoto, naenda kupimwa au kuposa?"

"Tema hapa. Hayo mazito mwaga. Tupeleke uchafu kwa watu? Aibu!"

Kikopo kikapata mate meupe, yananukia dawa ya meno. Majibu yakatoka: hakuna ugonjwa. Mke akapiga vigelegele. Kikohozi hakikuwa na habari.

Mke akarudi zahanati na kikopo cha pili. Safari hii muuguzi alikiinua kwenye mwanga, akakiinamisha.

"Mama, haya ni mate."

"Masafi, mwanangu. Nimeyachagua mwenyewe."

Muuguzi alitaka kucheka, akajizuia. Akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Yale uliyomwaga ndiyo tunayoyataka. Ugonjwa uko kifuani, hauko mdomoni. Kosa ni letu. Tulikupa kikopo, hatukukupa maelezo."

Macho ya mama yakalengwa na machozi. "Kumbe mimi ndiye niliyemchelewesha mume wangu!"

"Ulimstahi tu, mama. Sasa sikiliza. Kesho akiamka, asukutue kwa maji matupu. Atoke nje, mbali na watu. Avute pumzi ndefu mara mbili, kisha akohoe kutoka chini kabisa. Funga kikopo vizuri, ulete asubuhi hiyo hiyo."

Akaandika jina la Fundi ubavuni mwa kikopo kipya.

"Mbona si kwenye kifuniko?"

"Maabara wanafungua vifuniko vingi. Vikichanganyika, mzee wako atapewa majibu ya mwingine."

Kesho yake, uani, Fundi alivuta pumzi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Yakaja makohozi mazito, ya manjano.

"Umeridhika?" akauliza, anahema.

"Sijaona kitu kizuri kama hicho," alijibu mkewe.

Majibu yakatoka: kifua kikuu. "Atapona?" mama aliuliza. Muuguzi akamshika mkono.

"Kinapona, mama. Dawa kila siku, miezi sita, bila kuruka. Na nyumba nzima mje mpimwe, na mtoto pia."

Kila asubuhi mama alimpa mumewe vidonge, akangoja ameze. Mwezi wa sita vipimo vikawa safi. Fundi akampakata mjukuu, akamvalisha kofia. Haikupita hata masikioni.

"Kichwa hakikunisubiri!" Fundi akacheka.

Akachukua kitambaa kipya, akakanyaga cherehani. Haikusimama mpaka mwisho wa mshono.