Kuni za Mikaratusi ya Moa

Maiti ya Luqmani ilikutwa alfajiri, kifudifudi, kati ya mikaratusi aliyoajiriwa kuilinda huko Moa. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake lilikuwepo gogo lenye damu, na juu ya damu, afisa wa uchunguzi alisema, alama za vidole vilivyojaa unga wa ngano.

Inspekta Devota aliangaza huku na huku. Hakusikia ndege hata mmoja. Zamani uwanja huo ulikuwa kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu za magari, na udongo ulijaa madini ya risasi. Miti ilipandwa iyafyonze. Asheri, bwana miti, alimweleza kuwa sumu huhamia ndani ya mti wenyewe. Ndiyo sababu ulikuwa mwiko kuukata, sembuse kuuchoma.

Hata hivyo Devota alikuta visiki kumi na saba, vimefichwa kwa majani makavu.

"Luqmani alilijua hilo?"

"Nilimfundisha mwenyewe, afande."

Moa ilikuwa na mwoka mikate mmoja tu, Harusi. Inspekta alimkuta ameketi kizingitini, kama mtu anayengoja mgeni. Tanuri lilikuwa baridi, kuni za mkaratusi zimepangwa ukutani. Majirani walikuwa wamekwisha kumwambia Devota kuwa binti wa Harusi, Malak, alizikwa juma lililopita. Alikuwa na miaka minne.

"Pole kwa msiba, dada."

"Nishapoa."

"Kuni hizi alikuletea nani?"

"Luqmani."

"Na jana jioni ulimfuata?"

Harusi alisimulia bila chozi. Alikuwa akikanda unga daktari alipopiga simu kutoka Tanga: damu ya mtoto ilikutwa na sumu ya madini ya risasi. Malak alizoea kulala karibu na tanuri, kwenye moshi na majivu. Basi Harusi akaenda kwenye ile miti, hata mikono hakunawa, kumuuliza Luqmani kama alijua.

"Akasema alijua. Akasema moshi hupanda juu, haumuui mtu. Akanipa mgongo, akaendelea kukata. Gogo lile sijui nililiokota saa ngapi."

Devota alitoa pingu, lakini hakuzifunga mara moja.

"Kuni alikuuzia wewe peke yako?"

Harusi alinyoosha mikono.

"Alizungusha mkokoteni kijiji kizima, afande."

Nje, saa ya chakula cha mchana ilikuwa imekaribia. Moshi ulikuwa ukipanda majikoni, nyumba kwa nyumba.