Kadiri Malachy Alivyolia

Siku mdogo wangu Malachy alipotutoka, mume wangu ndiye aliyenishika mikono kwa nyuma ili nisimfikie!

Jumamosi, saa tisa alasiri, jikoni kwangu. Viazi vilikuwa bado motoni. Wanaume wawili waliofunika nyuso waliingia na magongo ya kuchezea mpira.

Gongo la kwanza lilimtua Malachy gotini. Nilisikia mfupa ukivunjika... jamani, sauti ile!

"Fergal, niachie! Ni ndugu yangu!"

"Nyamaza, Assumpta. Ndugu yako ni kibaraka wa polisi."

Ulikuwa mwaka 1987, Ireland ya Kaskazini, wapiganaji wa mtaani kwetu wakiwa vitani na polisi na jeshi la Uingereza. Kuitwa hivyo kwetu kulikuwa hukumu tosha.

"Gari la Sajini Beattie linakushusha kila Jumanne. Mnafanya nini naye?" mmoja wa wale wawili akamuuliza Malachy.

"Ni filamu!" Malachy akapiga kelele. "Naigiza mtu anayeuza wenzake. Beattie amestaafu upolisi, ananifundisha tu! Nilikatazwa kusema..."

Wakacheka.

"Shemeji, si unanijua mimi?"

"Nakujua sana," Fergal akajibu. "Ndiyo maana."

Niwaeleze. Malachy alianza kuigiza akiwa na miaka tisa, kwenye ukumbi wa parokia, akimlilia baba aliyekufa. Akina mama wote walitoa leso. Baadaye akaenda Dublin, miaka kumi na moja jukwaani, kisha televisheni, hadi aliporudi mjini kwetu mwaka ule. Kulia ndiko kulikompa jina. Mjini walimsifu: "Malachy akitaka machozi, anayafungua kama bomba!"

Siku ile alilia kwa kweli.

"Oneni, bomba limefunguka!"

"Mpigie makofi, bwana!"

Mmoja akapiga makofi kweli. Kadiri alivyolia, ndivyo walivyozidi kumtwanga. Mbavu. Mikono. Kichwa... Damu ikamtoka masikioni, akanyamaza.

"Haya inuka, pazia limeshafungwa."

Hakuinuka.

Wiki moja baada ya mazishi, mwongozaji wa filamu alikuja kutoka Dublin na mswada. Akanionyesha ukurasa: mtu anashuka kwenye gari la polisi, kona ya soko, anatazama nyuma mara moja. Malachy alikuwa akifanya mazoezi ya kushuka tu!

"Lakini nani aliliona hilo gari?" akaniuliza.

Sikumjibu. Nawajibu ninyi leo.

Ni mimi.

Nilimwona akishuka, nikaingiwa na hofu, nikamwambia mume wangu. Sikujua Fergal angepeleka wapi maneno yale. Na Malachy alikuwa akila kwangu kila Jumamosi... ningemuuliza tu.

Ndugu zangu, ukiwa na shaka na mtu wako, muulize yeye kwanza, kabla hujamwambia yeyote.

Fergal alifungwa. Mkataba wa amani ulipotiwa saini mwaka 1998, wafungwa wa vita vile kama yeye wakaachiwa. Anaishi mitaa miwili kutoka kwangu, na mkate tunanunua duka moja.