Siri za Kugeuzageuza

Kila Jumamosi asubuhi Katunge alifagia chumba cha kompyuta cha kanisa, katika kitongoji cha Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi, kisha akawasha mashine zote. Mwaka huo wa 1998 watoto walikuwa wakiandika gazeti lao humo. Kompyuta kuu ilihifadhi kila toleo la kila habari, pamoja na jina la aliyeibadilisha. Ili kuingia, kila mtoto alikuwa na neno lake la siri.

Kazi ya kuyahifadhi maneno hayo Mwalimu Walubengo alimpa Katunge, maana ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. "Yafiche hata wewe usiweze kuyasoma," alimwagiza. Kazi ilikuwa ndefu, na Katunge hakupenda kazi ndefu. Akageuza silabi tu, kama vijana wa mtaani wanavyofanya wakipiga Sheng, lugha yao ya mafumbo: nyota ikawa tanyo, simba akawa mbasi. Kisha akasema amemaliza, akasifiwa, akavimba kichwa.

Jumamosi moja habari ya Nelima kuhusu maji ya mtaa wa Gatwekera ilikutwa imefutwa. Mahali pake palikuwa na matusi ya kumtukana mwalimu, na kompyuta ilionyesha jina la Nelima.

"Si mimi, Mwalimu. Haki ya Mungu," Nelima alisema.

"Neno lako unalijua wewe peke yako. Usirudi hapa tena."

Nelima akachukua sweta yake polepole. Katunge alipomtazama, Nderitu aliyeketi nyuma yake akamnong'oneza, "Nyamaza tu, bwana. Kwani ulidhani hatuwezi kusoma hiyo Sheng yako?"

Katunge alihisi uso unawaka kwa aibu. Angenyamaza, sifa zake zingebaki. Lakini Nelima alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mwalimu, kosa ni langu," akasema. "Sikuyaficha yale maneno. Niliyageuza tu, na yeyote anayefungua faili yake anaweza kuyasoma."

Mwalimu akafungua faili. "Hapa kwa Nelima pameandikwa kuku. Uligeuza nini?"

"Kuku, Mwalimu. Ukigeuza inabaki kuku."

Darasa zima likaangua kicheko. Katunge alitamani ardhi ipasuke immeze. Nderitu peke yake hakucheka. Aliinua mkono, akakiri kwamba matusi yalikuwa yake. Mwalimu akamwomba Nelima msamaha, akairudisha habari ya maji kutoka kwenye toleo la zamani.

"Sasa tuyasage maneno haya ya siri," alimwambia Katunge. "Mahindi yakishasagwa, unga haurudi kuwa punje. Mtu akiandika neno lake, lisagwe, kisha kompyuta ilinganishe unga na unga."

Walifanya kazi hadi jioni. Nelima alipokuja kuweka neno jipya, alisita. "Angalia ukuta kwanza," akamwambia Katunge.

Katunge akageukia ukuta, machozi yakimlengalenga.

"Usimlaumu," Mwalimu alisema. "Aliyekukabidhi siri yake alikukabidhi jina lake pia, nawe uliona uvivu kulilinda. Umesema ukweli, na hilo ni jema. Lakini kuaminiwa tena hakuombwi, Katunge. Kunafanyiwa kazi."