Askari Wameondoka, Shamba Je?

Siku ya kutengeneza mawese, nyumba ya Bucumi ilikuwa haikaliki. Pipa linachemka, kuku wanafukuzwa, na Kaneza, mkewe, anaimba huku akigombana na moshi. Walikuwa na watoto watatu. Mkubwa wao, Ella, alikuwa darasa la sita. Vita iliwatoa kwao Burundi, na huu ulikuwa mwaka wa saba wakiishi Simbo, mkoani Kigoma, kwa jamaa zao Waha.

Mchana mmoja redio ilikuwa inasoma habari. Bucumi alikuwa anakoroga pipa. Mara mtangazaji akasema, "Majeshi yameondolewa katika kilima cha Nyamiringa."

Bucumi aliuacha mti wa kukorogea ukazama ndani ya mafuta.

"Nyamiringa! Mama Ella, umesikia? Ni kwetu!"

"Mana yanje! Mungu wangu!" Kaneza akapiga vigelegele. Watoto wakatoka mbio. Hakuna aliyejali pipa tena. Walicheza uwanjani mpaka kuku wakapanda juu ya paa.

Kisha Bucumi akaanza kulifunga jembe lake kwa kamba.

"Baba Ella, jembe linakwenda wapi?"

"Kwetu. Kesho nachukua boti Kibirizi. Nashuka Kagunga, navuka mpaka kwa miguu, naingia kwa njia ya chemchemi. Askari walifanya kambi shambani mwetu. Sasa wameondoka. Nikichelewa, mwingine atapanda maharage yake pale. Anayepiga jembe la kwanza ndiye mwenye shamba!"

Wakimbizi wengi waliwaza hivyo siku zile. Waliogopa kukuta shamba lina mtu kuliko walivyoogopa njaa. Sisi tuliokuwa na mashamba yetu hatuna haki ya kuwacheka.

Kaneza alifurahi, lakini alikuwa na wasiwasi. Mumewe ni mbishi. Akikataa, amekataa. Basi akamtuma Ella kwa jirani yao, Bonaventura, mwanajeshi mstaafu. Bonaventura alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukimsalimia saa mbili, anakuachia saa nne. Lakini jeshini alifanya kazi ya kutegua mabomu, na kazi hiyo aliijua.

Alikuja akicheka. "Nimesikia vigelegele. Kuna harusi?"

"Shikamoo, Mzee," alisema Bucumi. "Vita imekwisha. Majeshi yameondolewa kwetu."

"Marahaba. Hongera sana! Hiyo ni habari njema kweli. Sasa niambie, unaielewaje?"

"Naielewa hivyo hivyo. Askari hawapo. Naenda kulima."

Bonaventura akavuta kigoda. "Sikiliza, ndugu yangu. Kuondoa majeshi ni kuondoa askari, silaha zao na kambi yao mahali fulani, ili pasitumike tena kwa vita. Ni jambo kubwa. Lakini wale askari bado ni askari. Wamehamia pengine. Kilima kimoja kimetulia, si lazima nchi nzima iwe imetulia."

"Kilima kimoja kinanitosha. Mimi sina viwili."

"Sawa. Na walichofukia ardhini, nani amekiondoa?"

Bucumi akaacha kufunga kamba. "Si wameondoka nacho?"

"Mama Ella," aliita Bonaventura, "niletee mayai matatu."

"Ya kukaanga, Mzee?"

"Ya kupanda."

Kaneza alileta mayai, uso umekunjamana. Bonaventura akamwambia Bucumi ageuke. Akayafukia nyuma ya nyumba, akafagia juu kwa tawi.

"Haya. Hapa ni Nyamiringa. Askari wameondoka. Lima!"

Bucumi akafungua jembe kwa maringo. Akapiga mara moja. Akapiga mara ya pili. "Unaona? Hakuna kitu!" Akapiga mara ya tatu, na ute wa njano ukamrukia mguuni.

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Kaneza hakucheka, na si kwa sababu ya yai. Alikuwa anautazama mguu wa mumewe.

"Bado mawili," alisema Bonaventura kwa upole. "Yako wapi?"

Bucumi alisimama pale pale. Alitaka kurudi nyuma, lakini hakujua aweke mguu wapi.

"Kutegua mabomu ni kazi nyingine," Bonaventura aliendelea. "Ina watu wake na vifaa vyake. Usiingie mpaka wao waseme pako salama."

"Na shamba je? Likichukuliwa?"

"Kwenu si kuna bashingantahe, wazee wa kuamua mambo? Shamba lina ushahidi wao. Jembe la kwanza halishindi neno lao."

Bucumi akaitikia kwa kichwa polepole. "Ni kweli. Mzee Habonimana yupo. Baba alipopanda minyaa ya mpaka, yeye alisimama pale akiona."

Kesho yake walikwenda mjini Kigoma, ofisi ya wakimbizi. Mfanyakazi mmoja, Esther, aliandika jina la kilima, mipaka ya shamba na majina ya mashahidi. Akampelekea Mzee Habonimana barua. Akawaandikisha pia kwenye orodha ya wanaotaka kurudi kwa hiari.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Ella alilisoma kwa sauti.

"Amahoro, Bucumi. Shamba ni lako. Minyaa ya baba yako imesimama, na sisi tunaijua. Lakini usije kwanza. Wategua mabomu wameweka alama nyekundu. Wamekuta manne. Moja lilikuwa kwenye njia ya chemchemi."

Bucumi alikaa chini. "Ndiyo njia niliyotaka kupita," alisema. Kaneza akamshika mkono, akalia kwa furaha bila aibu yoyote.

Walisubiri miezi minne zaidi. Barua ya pili ikasema kilima kimekaguliwa chote na kiko salama. Siku ya safari, Bonaventura aliwasindikiza bandarini Kigoma na galoni la mawese. Alisema moshi wa meli umemwingia machoni. Meli ilikuwa bado haijawashwa.

Baada ya muda akapata barua ya Bucumi. Tangu siku hiyo kila mtu wa Simbo aliyemsalimia alisomewa, atake asitake. Nami nilisomewa mara tatu.

"Mzee Bonaventura, salamu nyingi. Maharage yameota. Bashingantahe walikuja kutukaribisha, ngoma zikapigwa. Tulitoka Simbo watu watano. Tumefika na miguu yetu yote kumi, na jana yote ilicheza."