Mtoto wa Kumi wa Ma Kokugonza

Asubuhi ya gulio waliletwa watoto tisa. Jioni wakachukuliwa watoto tisa. Na bado mtoto mmoja alibaki, amekaa juu ya mkeka, anatafuna kijiko.

Hivyo ndivyo Ma Kokugonza alivyoeleza kwenye kituo kidogo cha polisi cha Nyaishozi, Alhamisi moja ya Novemba mwaka 1986, saa kumi na moja jioni. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni mwake, amelala, kofia ya sufu imeshushwa hadi mashavuni.

"Nimekuja kuripoti wizi," alisema.

"Umeibiwa nini, Ma?" aliuliza Konstebo Telesfori, kalamu mkononi.

"Sijaibiwa. Nimeongezewa."

Telesfori aliandika neno moja, akalifuta, akaenda kumwita mkubwa wake.

Inspekta Protase alitoka ofisini amevaa kofia. Kofia hiyo hakuivua mbele ya watu hata kukiwa na jua la kukausha kahawa, kwa sababu masikio yake yalisimama kama vishikio vya sufuria, na wenzake wa shule kule Muleba walikuwa wameyacheka ya kutosha. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kesi za kuibiwa ng'ombe, kahawa na baiskeli alikuwa amezimaliza nyingi. Kesi ya mtu kuongezewa hakuwahi kuiona.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Tuanze mwanzo. Huyu mtoto nani alimleta?"

"Siku ya gulio, waitu! Miguu ni mingi."

Hilo lilikuwa kweli. Nyumbani kwa Ma Kokugonza hakukuwa na kuandikisha. Mwanamke anayekwenda gulioni, kliniki au kuchuma kahawa alipita, akamtua mtoto, akaendelea na safari yake. Akirudi alimchukua. Shukrani ilikuwa mkungu wa ndizi mara mojamoja, au mzigo wa kuni, au habari nzuri za majirani, na hizi Ma alizipenda kuliko ndizi.

"Aliyemleta ni mwanamke au mwanamume?"

"Mwanamume alete mtoto kwangu? Mawe, mama wee! Siku hiyo kanisani watapiga kengele."

"Mtoto hujawahi kumwona?"

"Macho yangu ni ya kizee. Lakini anafanana na mtu."

"Nani?"

"Mtu asiyependa kuulizwa."

Inspekta aliandika: *Shahidi ni mzee, maelezo yake yanayumba.* Kisha akaiweka kalamu chini.

"Nisikilize, Ma. Mtoto asiye na mwenyewe hakai kijijini. Keshokutwa Jumamosi, saa sita mchana, gari la serikali linapita hapa kwenda Bukoba. Litamchukua, litampeleka kituo cha yatima. Na wewe usiponieleza umempata wapi, utajibu shitaka la kuiba mtoto. Nyumba yako nimeifunga kuanzia sasa."

"Saa sita kamili?"

"Kamili."

Kwa mara ya kwanza Ma Kokugonza hakuwa na utani mdomoni. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge.

"Basi fanya kazi haraka, mwanangu," alisema.

Kwa kuwa pale kituoni hakuna aliyejua kumnyamazisha mtoto wa miezi tisa, Inspekta aliamuru alale kwa Ma, na Telesfori alinde mlango.

Ijumaa asubuhi Xaveria, mke wa Inspekta, alimwekea mumewe chai na ndizi za kuchemsha.

"Karibu mezani, Inspekta."

Alimwita hivyo tangu msimu wa senene wa mwaka jana. Msimu huo ndipo binti yao wa pekee, Vestina, alipokutwa na mimba ya mwalimu mmoja aliyepata uhamisho akasahau kuaga. Protase alimfukuza, binti akaenda kuishi kwa shangazi yake kule Chonyonyo, na Protase akaapa kwamba kitakachozaliwa hakitanusa mlango wake. Jina la Vestina lisitajwe, na yeye mwenyewe asiitwe tena Baba Vestina. Xaveria ni mtu mtii. Akamwita Inspekta mezani, akamwita Inspekta mbele ya wageni, akamwita Inspekta hata kitandani, na hilo halijawahi kumsaidia mwanamume yeyote.

"Nasikia kuna kesi," alisema akimimina chai.

"Mtoto ametupwa."

"Masikini! Mtu gani anamtupa mtoto wa damu yake?"

"Nitamjua."

"Nakuombea umjue," alisema Xaveria, akairudisha birika jikoni.

Inspekta alichukua mwavuli wake mweusi mlangoni. Ulikuwa umefungwa kwa kamba kavu ya mgomba, fundo juu ya fundo. Aliifungua kwa meno huku akinung'unika, akaitumbukiza mfukoni, akapanda baiskeli. Landirova ya kituo ilikuwa juu ya mawe tangu Pasaka.

Alianza kwa Mukandekezi, muuza maharage, ambaye Alhamisi aliacha mapacha wake kwa Ma. Alimkuta anapepeta.

"Ulimwona aliyemleta mtoto yule?"

"Nilimwona mgongo."

"Mgongo wa namna gani?"

"Wa mwanamke anayekula akashiba."

"Alivaa nini?"

"Kitenge cha kijani. Ana mwavuli."

"Mwavuli gani?"

Mukandekezi aliutazama ule ulioning'inia kwenye usukani wa baiskeli. "Mweusi, afande. Kama huo."

Inspekta aliandika: *Mwavuli wa kawaida.*

Jirani yake Anonciata alikuwa uani anaanika kahawa. Yeye alisema mengine kabisa.

"Mimi nilimwona msichana mwembamba kule kwenye mikaratusi. Amembeba mtoto, analia."

"Mukandekezi anasema ni mnene."

"Basi walikuwa wawili."

"Wawili wamtupe mtoto mmoja?"

"Mzigo mzito, afande." Anonciata aliziba mdomo kwa ncha ya khanga. "Vua kofia upumzike kidogo. Jua hili!"

"Kofia yangu inakuhusu nini?"

"Hainihusu, waitu. Naihurumia tu."

Nyuma ya nyumba mtu mwingine alicheka. Inspekta alipanda baiskeli bila kuaga. Mnene, mwembamba, mwavuli, machozi. Na kwa nini kila anayehojiwa anaitazama kofia yake kama vile mhalifu amejificha ndani? Katika miaka ishirini na tisa ya kazi alikuwa amedanganywa na wezi wa kila aina, lakini wezi walidanganya kwa woga. Hawa walidanganya kwa furaha.

Saa nane mchana alifika kwa Ma Kokugonza. Mlangoni alimkuta Konstebo Telesfori amempakata mtoto, suruali ya kazi imelowa kuanzia paja hadi goti.

"Ripoti, Konstebo."

"Amenikojolea mara mbili, afande. Na soksi zake pia zimelowa, nikazivua. Nimekuta hii."

Kwenye kifundo cha mguu wa mtoto kulikuwa na kipande cha kamba ya mgomba. Inspekta aliinama. Ilikuwa imechanwa upande mmoja kwa urefu, ukingo una meno kama ya msumeno, na imefungwa fundo juu ya fundo.

"Ma, hii ni nini?"

"Ni utaratibu wa nyumba yangu. Nyinyi wanaume hamuujui kwa sababu hamleti watoto. Nikimpokea mtoto nachana kamba katikati. Nusu namfunga mtoto, nusu namfunga mama mkononi. Jioni nalinganisha. Hakuna kamba mbili zinazochanika sawa. Hata awe mama mzazi, bila kipande chake simpi mtoto."

Kichwani mwa Inspekta, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, kitu kimoja kilikaa mahali pake.

"Fundo hili umelifunga wewe."

"Mkono wangu huo."

"Basi hukuongezewa mtoto. Ulimpokea kutoka mkononi mwa mtu. Walioletwa walikuwa kumi."

"Ee. Sasa ndiyo umeanza kazi."

"Umeidanganya polisi, Ma!"

"Kidogo tu."

"Nani mwenye kipande cha pili?"

"Hilo sisemi hata unifunge. Nimeombwa. Kamba yenyewe itasema."

"Naweza kukuweka mahabusu sasa hivi."

"Weka. Lakini nani atamlisha huyu? Telesfori?"

Telesfori alitazama juu, kwenye paa, kama mtu anayehesabu mabati. Jasho lilimtoka Inspekta. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Leso ikatoka, na pamoja nayo ikatoka kamba ya mgomba, ikaanguka juu ya mkeka.

Mtoto ndiye aliyenyoosha mkono kuishika.

Inspekta alimwahi. Alipiga goti, akaweka kipande chake kando ya kile cha mguuni. Jino likaingia penye pengo, pengo likapokea jino, hadi mwisho.

"Kielelezo kilikuwa mfukoni mwangu," alisema taratibu.

"Tangu asubuhi," alisema Ma. "Nilifikiri utakikuta kabla ya chai."

Kisha akaivuta ile kofia ya sufu kutoka kichwani mwa mtoto. Masikio mawili yakachomoza, membamba, makubwa, yamesimama kama vishikio vya sufuria. Telesfori alikohoa, akatoka nje kuanika suruali yake ikiwa bado mwilini.

Inspekta Protase alisukuma baiskeli hadi nyumbani. Hakuipanda. Xaveria alikuwa uani anamenya ndizi. Kitenge cha kijani kilikuwa kwenye kamba ya nguo, wala hakikufichwa.

Alisimama mbele yake, daftari mkononi.

"Jana saa tatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Gulioni."

"Na mwavuli wa nani?"

"Wako."

"Kabla ya gulio?"

"Kwa Ma Kokugonza."

"Kufanya nini?"

"Kaa kwanza, Inspekta."

"Nimeuliza, kufanya nini?"

"Kumwacha mjukuu wako."

Kisu kiliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu, halikukatika.

"Vestina alimleta mpaka kwenye mikaratusi," alisema Xaveria. "Akashindwa kufika mbele. Nikampokea mimi. Siku zote za gulio amekuwa akimwacha pale kwa Ma, na mimi nakwenda kumshika. Jana niliamua tusimchukue. Nikamwomba Ma aje kwako kuripoti."

"Mmenifanya mjinga mbele ya kijiji kizima!"

"Kijiji hakikuambiwa kitu. Watu wana macho."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo Xaveria aliweka kisu chini.

"Alipozaliwa nilikuambia, ukawasha redio. Pasaka nilikuambia, ukatoka nje. Miaka ishirini na saba nimelala na polisi. Nakujua. Wewe kitu hukitafuti mpaka kiandikwe kwenye jalada. Basi nikakufungulia jalada."

Protase aligeuza ukurasa wa daftari.

"Jumatatu Vestina anaanza masomo ya uuguzi," aliendelea Xaveria. "Akichelewa, nafasi anapewa mwingine. Shangazi yake ni mgonjwa, hawezi kulea. Mtoto akikosa mlango wa kuingia, mwanao anarudi kwenye jembe, na ndiyo mwisho wake. Nimeungama, Inspekta. Niandike."

"Na lile gari la saa sita? Kama nisingeiona kamba?"

"Ningelala mbele ya magurudumu yake. Kwa mgongo huu, lisingepita."

Inspekta alilitazama daftari lake. Lilikuwa limeandikwa mwavuli wa kawaida.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Nani?"

"Unajua nani."

"Mtaje unayemuuliza."

Kuku walipita kati yao.

"Mtoto wa Vestina," alisema Protase, na sauti yake ilikwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Kemirembe," alisema mkewe.

Protase alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, peke yake, hadi ndizi zikaiva. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Jumamosi asubuhi alivaa sare, akatoka na mwavuli, na Xaveria alibaki mlangoni akisali na kulaani kwa zamu.

Ile nyumba iliyofungwa na polisi ilikuwa imejaa. Wanawake waliokwenda kuchuma kahawa walikuwa wanarudi kuchukua watoto, wamepanga mstari uani, kila mmoja na kamba mkononi. Saa sita ilikuwa imebakiza dakika chache. Kule barabarani gari la Bukoba lilikuwa limeshasimama, dereva anapiga honi.

Inspekta alikwenda moja kwa moja mlangoni.

"Mstari, afande," alisema Ma Kokugonza.

"Ma, gari linasubiri."

"Na hawa wanasubiri."

Inspekta alirudi nyuma, akasimama baada ya Mukandekezi. Zamu yake ilipofika alitoa kamba. Ma aliichukua, akamwinua mtoto mguu, akalinganisha jino kwa jino, polepole, kama hajawahi kuziona zile kamba duniani.

"Zinakubali. Wewe ni nani wa mtoto?"

"Ma, unanijua."

"Namjua Inspekta. Inspekta hana mtoto hapa."

Protase alisema neno, chini kwa chini.

"Sijasikia. Masikio yangu ni ya kizee. Ya kwako ndiyo mazuri."

Protase alivua kofia. Uani pakawa na kicheko kilichozibwa na khanga kumi.

"Babu yake," alisema kwa sauti ya paredi.

Ma alimkabidhi. Mtoto alimtazama usoni, akapitisha macho kulia na kushoto, akachagua sikio moja, akalishika kwa nguvu zake zote. Inspekta alifumba macho, akaliacha livutwe.

"Telesfori," aliita bila kugeuka, "mwambie dereva aende. Na jalada ulifunge."

"Niandike nini, afande?"

"Andika mwenyewe amepatikana."

Kule parokiani kengele ya saa sita ikalia, kama inavyolia kila siku ya Mungu. Lakini Ma Kokugonza aliinua kidole juu, na mpaka leo huwezi kumshawishi kwamba haikupigwa kwa ajili yake.

"Nilisema!"

"Jumatatu nitamleta saa moja asubuhi," alisema Protase. "Bibi yake anamsindikiza Vestina."

"Karibu, Baba Vestina. Mlete saa yoyote." Ma alikuwa ameshachukua kamba ya mtu mwingine. "Ila uwahi kumchukua. Hapa ukichelewa, naripoti polisi."