Nyumba Yangu Haikutoa Moshi

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na moja. Ndugu wasomaji, mmewahi kuambiwa na mtu anayewajua kwa jina kwamba hampo? Mimi nimeambiwa!

Tulipohamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Goweko, mume wangu alijenga nyumba yetu kwa mikono yake. Tukapewa na shamba la tumbaku. Kabla hajapanda, homa ikamchukua... Nikakaa eda, sina mtoto wala ndugu wa karibu, ila shemeji Jumanne, kaka wa marehemu.

Siku hizo wengi walikuwa wamejiandikisha kijijini, kisha wakarudi kimyakimya kwenye mahame yao. Shemeji, aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, akatumwa ahesabu nyumba zenye watu tu. Akaona njia rahisi: apite alfajiri na orodha ya majina, nyumba inayofuka moshi aitie alama. Isiyofuka imehamwa, shamba lake apewe mwingine.

Jamani, nyumba yenye msiba inapika? Jiko langu lilikuwa baridi, kama ilivyo desturi yetu. Majirani ndio walioniletea ugali, na shemeji alikuwa akiula barazani kwangu!

Niliposikia kuna mkutano wa mashamba, nilimwomba anisemee, maana mwenye eda hatoki. Akaniambia nitulie, yeye yupo.

Eda ilipokwisha nikabeba jembe... Nikamkuta mke mdogo wa shemeji anapalilia tumbaku kwenye matuta yangu! Hakunitazama usoni.

Nikamfuata shemeji, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza nimekosa nini.

"Marahaba," akajibu. "Hesabu ilikuwa ya moshi, shemeji. Kwako sikuona moshi."

Basi! Ofisini karani akasema hesabu imeshafungwa. Na wale majirani walionilisha? Walimwogopa balozi, kila mmoja akainamisha kichwa. Hilo liliniuma kuliko shamba.

Sasa nimepanga chumba Kitete, mjini Tabora, nauza vitumbua. Jioni nawasikia wapangaji wenzangu wakicheka ng'ambo ya ukuta. Hakuna anayeniita.

Wajane wenzangu, msimwachie mtu mmoja awasemee, hata kama amelia msibani kuwashinda ninyi! Na ninyi mnaohesabu watu, nawasihi, bisheni hodi. Alfajiri ile nilikuwa macho. Nilisikia nyayo za shemeji zikisimama mlangoni, kisha zikapita... Nikadhani ananilinda, nikamwombea dua.