Sauti ya Mke Wangu

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda ukumbini kuchukua nota zangu. Tamasha lilikuwa Jumamosi, na mimi, mpiga piano wa kwaya ile tangu kabla sijaoa, sikujua nitampigia nani. Mke wangu, mwimbaji wetu wa solo, alikuwa amekaukiwa sauti wiki nzima. Daktari alimmulika kooni, akasema haoni kitu. Nyumbani tuliongea kwa ishara kama watu walionuniana.

Ukumbi ulinuka udongo mbichi.

Mwanamke alikuwa amesimama kando ya piano, kanipa mgongo.

"Nipigie wimbo ule wa Jumamosi," alinong'ona.

Nikadhani mwalimu wa kwaya ameshatafuta mtu wa kuziba pengo. Nikakaa, nikapiga utangulizi. Akaanza kuimba...

Nywele zilinisimama.

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Si ya kufanana. Yake hasa, na kale kamkwaruzo kake kwenye nota ya juu, ambako mimi humfichia kwa kukanyaga pedali.

Na hakuwa anavuta pumzi. Sisi wasindikizaji humsikiliza mwimbaji avute pumzi, ndipo tuingie naye. Nilisubiri... Hakuna. Mstari baada ya mstari, hakuna.

"Sauti hiyo umeitoa wapi?"

"Usiache kupiga. Ukiacha, naondoka nayo."

Nikapiga. Jasho likanichuruzika mpaka kwenye vitufe. Nikaona njia moja tu: kumchosha. Kila ubeti nikaupandisha wimbo nusu toni, kuelekea kule ambako koo la mke wangu halifiki. Akafuata. Akafuata tena. Mara sauti ikakatika, pu, kama uzi.

Kimya.

Nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Sakafu tu imelowa.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mke wangu akanifungulia mlango.

"Mbona unahema hivyo, mume wangu?"

Ameongea! Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Kisha akacheka, na mikono yangu ikalegea mgongoni mwake. Ilikuwa sauti nzuri, nzito, tamu.

Sikuwahi kuisikia.

Mama mkwe, aliyekuja kumuuguza, alitoka chumbani akiuliza nani kaja. Binti yake alipomjibu, yule mama aliketi chini palepale. Baadaye akanivuta pembeni.

"Hiyo ni sauti ya dada yake," alinong'ona. "Nilimzika kabla huyu hajazaliwa. Hata kumtaja sijawahi kumtaja."

"Alikufaje, mama?"

"Usiniulize, mwanangu."

Asubuhi alifunga mizigo yake. Hajarudi tena.

Jumamosi ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Siku hizi tunaalikwa hata nchi za mbali, sisi wawili tu, na watu huniambia nina bahati ya kuoa.

Jana mchana, tukijiandaa kwa mazoezi, aliniuliza taratibu, "Hivi mama alikuambia nini siku ile?"

"Hakuniambia kitu."

Akafungua mkoba wa nota.

"Vizuri," akasema, akaniwekea nota mbele yangu. "Tuanze."